Jinsi Mungu Alivyonitoa Katika Upweke wa Mwenye Nyumba

Bwana wetu apewe sifa na watu wote wa Kasese, na sisi wa Bwera pia tuliofika hapa na vumbi kwenye viatu! Semeni Amina nisikie. Ee, hapo mmeamka.

Mimi naitwa Biira. Msinione nimevaa kitenge kipya mkadhani nimekuja kujionyesha. Nimekuja kumshukuru Mungu. Wengine wamesimama hapa wakashuhudia jinsi walivyoacha pombe, wengine jinsi walivyoinuka kitandani. Mimi, ndugu zangu, niliponywa upweke. Na upweke ni ugonjwa, msicheke! Unamla mtu huku bado anatembea, anasalimia watu barabarani, anatoa sadaka.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Kitswamba, mfanyabiashara wa kahawa. Alipata kiwanja pale Bwera, karibu na barabara ya kwenda mpakani Mpondwe. Akajenga mistari miwili ya vyumba vya kupangisha, inatazamana, na mwisho wa ua akajenga nyumba yetu. Kwa hiyo sisi na wapangaji tulikuwa na ua mmoja, bomba moja la maji, na kamba moja ya kuanikia nguo. Yeye ndiye alikuwa landilodi. Kodi aliikusanya yeye, choo kikijaa aligombana yeye, bati likivuja alitafuta fundi yeye. Mimi nilikuwa mama jirani tu. Nikipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, sahani inatoka kwangu, na jioni inarudi na kitu kingine juu yake. Mungu hakutupa mtoto, lakini watoto wa ua ule walikuwa wanasinzia kwenye mkeka wangu mpaka mama zao wanakuja kuwabeba. Nilikuwa na furaha, wala sikujua kwamba ile ndiyo furaha.

Kisha mume wangu akalala katika Bwana. Tukamzika Kitswamba. Watu wakarudi makwao, nami nikarudi Bwera na funguo zake. Ningefanya nini? Mwezi ulipoanza nikazunguka mlango kwa mlango, kama yeye alivyokuwa akifanya. Nilikuwa mpole, Mungu anajua! Hata hivyo, tangu siku ile jina langu likapotea. Hakuna aliyeniita tena Biira, wala mama. Nikawa Landilodi.

Ndugu zangu, mnajua landilodi akitoka nje inakuwaje? Nilikuwa nikitoka na ndoo yangu kwenda bombani, redio zinazimwa. Wanawake wanapika nje wakiongea, wakiniona kila mmoja anainua sigiri yake ya makaa na sufuria juu, anaingia nayo ndani. Wanakubali kukohoa moshi kuliko kukaa na mimi! Nikifika bombani nakuta ua umebaki na kuku tu. Watoto waliolala kwenye mkeka wangu wakafundishwa kuniambia, "Mama ameenda Mpondwe," na mimi nasikia mama anapiga chafya nyuma ya pazia. Nilikuwa nasema, haya, mwambie namsalimu. Kisha naingia kwangu, nakaa na sahani moja mezani.

Hata kanisani. Nikikaa kwenye benchi, walioko pembeni wanakumbuka wana kazi ya kupanga viti.

Sasa sikieni siku iliyonivunja. Mpangaji wangu mmoja, Mbambu, muuza vitunguu, alifiwa na mama yake, na matanga yakakaa pale pale uani kwetu. Kwetu sisi ukifika kwenye matanga hubishi hodi. Unaingia, unakaa chini, unalia na wenzako. Nikachukua unga wa muhogo, nikajitwisha kuni, nikavuka ua. Moyoni nilikuwa nasema, leo hawawezi kunikimbia, kifo ni cha wote. Nilipoingia, wanawake wakanyamaza. Kilio kikakatika, paa! Mjomba wake Mbambu, mzee wa watu, akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjwa, akaninyooshea kwa mikono miwili. Akasema, "Mama Landilodi, tuhurumie, pokea hii kwanza. Usitutoe leo, tuko na msiba."

Nilikuja kulia, ndugu zangu, nikapewa kodi!

Nilimrudishia pesa zile, nikaweka unga na kuni chini, nikaondoka. Sikumbuki nilivyofika kwangu. Nilijifungia nikalia kuliko nilivyomlilia mume wangu, kwa maana yeye alikufa mara moja, na mimi nilikuwa nakufa kila mwezi unapoanza. Nikamwambia Mungu wazi, bila maneno mazuri ya maombi: Bwana, au unirudishie watu, au unichukue. Nyumba hizi zimenimeza.

Jibu halikuja na ngurumo. Lilikuja kupitia mwanamke anayeniuzia vitenge siku za soko. Aliniona macho yamevimba, akaniuliza, nikamwambia yote. Akasema, kwani humjui Mama Kavira? Huyu Mama Kavira ni Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye sauti ya mkuu wa kambi. Kazi yake ni kusimamia nyumba za watu wanaoishi Kampala na Fort Portal. Anasimamia kila kitu: anatafuta wapangaji na kuwachunguza, anaandikiana nao mkataba, anakusanya kodi, anaita fundi, analipa maji, anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji wakigombana. Mwisho anakuletea chako, yeye anakata sehemu yake. Nikasema, lakini mimi siishi Kampala, naishi mle mle uani! Yule muuza vitenge akacheka. Akasema, ndiyo maana unalia.

Shemeji yangu Bwambale alipopata habari alipanda kutoka Kitswamba akiwa amekasirika. "Utampa mtu wa kuja funguo za ndugu yangu? Wewe una mikono, una miguu, unalipia uvivu!" Aliniumiza, sifichi. Kwa wiki nzima nilisitasita. Nikafunga, nikaomba, na kila nikiomba naona zile noti zilizokunjwa. Nikamwita Mama Kavira.

Alikagua ua wote, akapima mlango, akanusa choo. Kisha akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Biira, unisikie muzuri. Kuanzia leo kazi yote iko yangu. Mutu akikuletea maneno ya bati, ya maji, ya kodi, weye unamwambia: Mama Kavira. Basi. Ukiongeza neno moja, miye ninarudisha funguo."

Nikampa. Nikadhani kesho yake ua utafunguka kama milango ya gereza la Paulo na Sila. Wapi! Ndugu zangu, mambo yalizidi kuwa mabaya! Zamani angalau walikuja kunigombeza kuhusu bati. Nilikuwa nasikia hodi. Sasa mpangaji akianza, "Landilodi, kwangu kunavuja," najibu, "Mama Kavira," naye anaondoka. Misumari ninayo ndani, ngazi ninayo, na ulimi unaniwasha! Nikakaza meno. Baadaye hodi zenyewe zikaisha. Nyumba yangu ikawa kimya mpaka nikawa nawasha redio ili nisikie mtu akiniambia habari za asubuhi, na mimi namjibu. Msicheke, nilimjibu kweli.

Shetani akaninong'oneza: unaona? Hata ugomvi wao umeukosa. Nikaenda kwa Mama Kavira kudai funguo. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Hapana. Banakuogopa bado. Woga haitoke mu mutu siku moja. Rudi kwako, ukae inje, upike inje. Usiende kwa mulango ya mutu. Kaa tu."

Nikarudi. Nikatoa sigiri yangu nje, nikapika peke yangu katikati ya ua mtupu. Aibu iliyoje! Siku ya kwanza hakuna. Wiki nzima hakuna. Napika, nakula, naingia ndani na sufuria yangu. Niliendelea kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumtii Mungu kwacho.

Ndipo Mama Kavira akampangisha chumba cha kona binti mmoja kutoka upande wa Beni, Kongo. Jina lake Masika. Alikimbia vita akiwa na mimba, mume wake hajulikani aliko. Jioni moja nimekaa kwenye sigiri yangu, akaja akasimama. Nikajiandaa kusema "Mama Kavira." Naye akasema, "Mama, miye siko na mutu hapa. Ninaweza kukaa na weye kidogo?"

Jamani. Jamani! Nikamsogezea kigoda. Tangu jioni ile tukapika pamoja. Yeye alisonga bundu, ugali wa muhogo, mimi nikapika mboga, tukaongea habari za kwao na za marehemu wangu. Siku nyingine Mbambu akatoka na sigiri yake, akaiweka mbali kidogo. Kesho yake akaisogeza. Mama Kavira akipita na mkoba wake, sauti yake inasikika mpaka barabarani, wanawake wananikonyeza na kusema leo amekuja na moto, na mimi nacheka nao!

Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Nilidhani Masika hajui mimi ni nani. Mtoto akazaliwa, wa kiume, na Masika akaniomba nisimame mama wa ubatizo. Nikaona siwezi kumshika mtoto wa watu mbele ya madhabahu na jambo hili kifuani. Nikamwambia, nikijua labda kesho atainua sigiri yake na kuingia ndani. "Mwanangu, nyumba hizi zote ni zangu. Mimi ndiye landilodi."

Masika akanitazama, kisha akacheka mpaka mtoto akaamka. "Mama, nani hajue? Balinielezea siku ya kwanza! Nyumba iko ya Mama Kavira. Weye uko wetu."

Ndugu zangu, nilisikia hayo maneno nikakaa chini kwenye sakafu yake. Alijua tangu mwanzo! Aliketi nami akijua!

Hata shemeji Bwambale alikuja akaona ua umefagiwa, mabati hayavuji, na mimi niko katikati ya wanawake tunamenya ndizi. Alikula akashiba, hakuuliza tena habari za funguo.

Ninamshukuru Mungu aliyesikia kilio changu cha ovyo ovyo. Na wewe uliyekaa hapa, labda una duka, una shamba, una cheo, na watu wanakusalimu kwa heshima kisha wanapita mbali, nakuambia usife na mzigo huo mkononi kwa kuona aibu. Mtumaini Bwana! Mwambie akuonyeshe mtu mwaminifu wa kuubeba, na ukimpa, usimnyang'anye. Utakaa kimya kwa muda, utaona kama umekosea. Kaa tu. Wa kukaa nawe anakuja.

Sasa naacha, naona mchungaji anaangalia saa. Yule pale nyuma, mwenye kilemba cha kijani, aliyembeba mtoto, ndiye Masika. Nilimwambia safari ni ndefu, abaki Bwera apumzike. Akakataa. Alisema hataniacha nije Kasese peke yangu.