Simfoni ya Mzee Zeferino

Kwenye kivuko cha Msangamkuu, Mzee Zeferino alikuwa ameipakata redio yake ya kaseti kama mtoto mwenye homa. Jumamosi binti yake anaolewa, na mzee ameapa ataingia kanisani kwa simfoni aliyoipenda tangu ujana wake misheni.

"Sikiliza, shangazi," alimwambia Odete, shangazi wa bwana harusi, akabonyeza. Fidla na matarumbeta vikajikokota kama vinapanda mlima.

Odete akawasha muziki kwenye simu yake, ukatoka kwa kasi. "Simfoni ni hiyo hiyo, baba mkwe, ila hawa wangu wanapiga harusi. Wako wanazika."

"Wako wamefukuzwa na nyuki! Wangu wana heshima."

"Redio hiyo uliitia betri mpya lini?"

"Betri haitupwi. Huanikwa juani ikapata nguvu."

"Alaa! Kumbe si heshima, ni betri zinakata roho. Tukishuka nakununulia mpya."

Abiria wakacheka. Zeferino akaizima redio. Miaka yote aliamini wapigaji wale hawana haraka, kama yeye.

"Usinunue," akasema. "Hawa wa taratibu wamenilelea binti. Hao wenye mbio siwajui."

"Na bwana harusi akisinzia?"

"Heri tumjue mapema."

Kivuko kikagusa gati, na Odete akawa wa kwanza kushuka, akielekea dukani.