Wingu Dume Juu ya Nyumba ya Mwinjuma

Siku zile misafara ya pembe za ndovu ikitua Bagamoyo, majirani waliezekeana nyumba bure. Sharti lilikuwa moja: mwenye nyumba atoe kahawa, na kazi isianze mpaka birika likauke. Mwinjuma alikwisha ezua paa lote tangu alfajiri. Ndani, chini ya fito tupu, alijilaza mkwewe Bi Biubwa, aliyekuja toka Pangani na onyo lake: tone moja likimdondokea, anaondoka na binti yake Sihaba. Mwinjuma akimpenda Sihaba kuliko macho yake. Lakini wasaidizi wa bure hawaharakishwi, basi akakaa nao pembeni mwa njia, juu ya matita ya makuti mapya ya kuezekea, maana ndiyo yaliyokuwa laini. Wasaidizi wenyewe ni Dadi, aliyeitwa Nahodha ijapokuwa ngalawa humtapisha hata ikiwa imefungwa, na Bwanausi, jina la mtaani Bara Zima, aliyefika Unyanyembe mara moja na mpaka leo hajarudi kwa maneno.

— Jamani, lile wingu la upande wa bara mnaliona? aliuliza Mwinjuma.

— Moshi ule, alisema Dadi. Wakwere wanachoma mashamba.

— Moshi gani umesimama kama mnara, juu bapa kama fuawe ya mhunzi?

— Ubapa ndiyo salama yako, alisema Bwanausi. Kule Unyanyembe wingu hutazamwa miguu. Lisilo na miguu halishuki.

— Na ule weusi unaoning'inia chini?

— Hizo ndevu.

Akapita Tarcis, seremala wa misheni, mbio mbio na msumeno kwapani.

— Anueni vitu! Mapadri wana bomba la kioo lenye zebaki. Tangu asubuhi inashuka tu. Ikishuka hivyo, ni dhoruba!

Akatokomea. Mwinjuma akawageukia wenzake.

— Mmesikia? Imeshuka!

— Si ndiyo nafuu? alisema Dadi, akijimiminia kikombe cha nne. Kilichokwisha shuka kitashukaje tena? Mvua ya leo imenyesha yote mle kiooni.

— Tumalize kahawa basi, wallahi nakuombeni.

— Kahawa ya moto hainywewi kama uji, bwana.

Radi ikapiga. Kikombe cha Mwinjuma kikamwagika mapajani, wala asihisi.

— Umesikia sauti hiyo? alisema Dadi kwa furaha. Nene! Hilo dume. Dume hunguruma tu, halinyeshi. Jike ndilo linalonyesha, nalo huja kimya.

— Basi kama dume, alisema Bwanausi, limemfuata jike. Jike lenyewe lile pale, jeupe, dogo, juu ya Mbegani.

— Yakikutana? aliuliza Mwinjuma.

— Yataoana.

— Na mvua?

— Hesabu miezi tisa.

Dadi akawaza sana.

— Kumi. Ni mimba ya kwanza.

Upepo ukaja wa baridi, ukapeperusha kofia ya Bwanausi. Ndipo lile dume, bila kungoja harusi, likajimwaga lote kwa pamoja. Kahawa ikajaa maji, maana yake birika halitakauka tena leo. Mwinjuma alitaka kulia.

Mlango ukafunguka. Bi Biubwa akatoka amejifunika sinia kichwani, kanga zimemganda mwilini, furushi la nguo mkononi. Sihaba nyuma yake, anauma midomo asicheke.

— Shikamoo mama, walisema wote watatu.

— Marahaba wanangu. Paa langu liko wapi?

— Mama, alisema Dadi, tulikuwa tukilichunguza wingu. Elimu ya mawingu ni pana...

— Sawa baba. Na hayo mliyoyakalia ni nini?

Mvua ikawapiga. Dadi akatazama kikombe, Bwanausi akatafuta kofia yake kwa macho. Hakuna aliyethubutu kunyanyuka, maana akinyanyuka tu, jibu lingeonekana.