Bibi Shamba wa Kibesa: Kokushubila Daniel (1961–2025)

Dada yetu Kokushubila alizaliwa Bwanjai, Kagera, tarehe 14 Machi 1961. Tulizaliwa wawili tu. Wa pili ndiye mimi, Gaspar, ninayesoma wasifu huu.

Alisoma kijijini, kisha chuo cha kilimo Morogoro, akahitimu mwaka 1984.

Mwaka 1999 alitumwa Kibesa, Kisarawe, kutafiti muhogo. Alikwenda na maswali tisini na nne. Alipofika la saba, mkulima mmoja, Bi Najat, akamkatiza: "Mwanangu, kila mwaka mnatuuliza tunalima nini. Lini mtatuuliza sie tunataka kujua nini?" Karatasi zikarudi kwenye begi. Tangu hapo wakulima ndio waliochagua cha kutafiti. Walipanda mbegu za majaribio, wakachemsha, wakaonja, kila mmoja akaweka punje ya hindi kwenye sahani ya muhogo alioupenda. Mbegu aliyoileta Dada ilipata punje moja. Akakiri kwamba punje hiyo aliiweka yeye. Mikutano ile ndiyo iliyozaa umoja wa wakulima wenye wanachama mia mbili na kumi leo.

Alifunga ndoa na Leonardi mwaka 1989. Waliachana 2003 bila mtoto. Leonardi alilalamika kwamba mkewe huja nyumbani kufua nguo tu. Sisi wa ukoo tulicheka, kisha na sisi tukamsusa Dada. Aliishi Kibamba peke yake miaka ishirini na mbili. Mimi niko Bunju, jiji hili hili, na nilifika kwake mara nne. Naona aibu kulisema.

Februari mwaka huu aligundulika ana saratani. Mimi aliniambia ni vidonda vya tumbo. Mei 30 alinipigia Farhan, katibu wa umoja: "Kaka, dada yenu kalazwa wiki ya pili hii. Sie tunapokezana kumuuguza, ila mlango ukifunguliwa tu anageuka kuangalia kama ni wewe." Nilikwenda. Aliniuliza kama nimekula. Alifariki Juni 4, saa tisa alasiri.

Ameacha mdogo mmoja, na wanangu Brightson na Kokuberwa, ambao hawakumfahamu vizuri. Tulitenga viti ishirini vya wafiwa, tumekalia vitatu. Watu wa Kibesa tumewaketisha nyuma, pamoja na wageni. Tumekosea. Mungu ampokee dada yetu na ampe pumziko jema. Nanyi wa Kibesa, tafadhali, njooni mbele mumzike ndugu yenu.