Historia ya Marehemu Gerishon Omondi Ragot, Aliyejadili Kifungu cha Kumi na Nne

Padre, ndugu, majirani wa Kator hapa Juba na wenzake baba wa uwanja wa ndege, familia imenituma mimi Cheryl, bintiye wa kwanza, nisome maisha yake, nami nitayasoma yalivyokuwa.

Marehemu Gerishon Omondi Ragot alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kendu Bay, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, akaanza kupakia mizigo ya ndege Nairobi mwaka 1993, na mwaka 2009 akahamia Juba kwa kazi hiyo hiyo. Alifunga ndoa na mama yetu, Roselyn, tarehe 7 Agosti 1999, wakajaliwa mimi na mdogo wangu Janet.

Mwaka 2019 wapakiaji walimchagua awasemee, na baada ya miaka mitatu ya vikao, tarehe 17 Mei 2022, kampuni ilitia sahihi mkataba wa pamoja, ambao kifungu chake cha kumi na nne kilisema kwamba mpakiaji aliyeshindikana kutibiwa Juba atapelekwa Nairobi kwa gharama ya mwajiri. Mpakiaji mwenzake Thiik, aliyeketi hapo mbele, alipelekwa, akarudi anatembea, baba akawa anamtania kwamba alifuata nyama choma tu.

Tarehe 1 Februari 2024 baba alipandishwa cheo kuwa msimamizi, tukachinja mbuzi, na hakuna hata mmoja wetu, wa kwanza mimi ninayejidai bingwa wa mijadala chuoni, aliyeuliza kama msimamizi bado yumo ndani ya mkataba. Hakuwemo.

Tarehe 9 Juni 2025 alionekana ana uvimbe kichwani, daktari akaandika apelekwe Nairobi, ofisi ikajibu kwa adabu kabisa kwamba kifungu hakimhusu, na bosi mmoja akamwambia mama, pole, mama Cheryl, lakini kwenye meza ya mazungumzo mumeo mwenyewe alikubali wasimamizi waachwe nje. Ni kweli, alikubali, ili wapakiaji wapate. Basi akaandika akiomba arudishwe kuwa mpakiaji wa kawaida, akajibiwa kwamba ombi lake litajadiliwa katika kikao cha Julai. Sasa niambieni, hicho kilikuwa cheo au adhabu. Alifariki tarehe 28 Juni, michango yetu ya kumpeleka Nairobi haijafika nusu, kikao hakijakaa.

Tunawashukuru madaktari walioandika ukweli, majirani waliotupikia siku zote hizi, na Thiik na wenzake, ambao kesho watampakia kwa mikono yao katika ndege ya Nairobi. Kampuni imetuma maua, tumeyapokea.

Pumzika kwa amani, baba, maana sisi uliotuacha hatunayo.