Mzee Verlyn Halvorson na Ng'ombe wa Mbao

Verlyn Orville Halvorson, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1947 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, Orville na Selma, maili nne kaskazini mwa Coulee Falls, Wisconsin. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Alibatizwa katika kanisa hili hili, na bibi yake alipenda kusimulia kwamba mtoto hakulia alipomwagiwa maji, bali aliushika mkono wa mchungaji akakataa kuuachia. Tangu hapo kila kazi aliyoiona mbele yake aliitia mkono, aombwe asiombwe.

Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya chumba kimoja ya Sand Ridge, akahitimu sekondari hapa mjini Mei 1965. Hesabu alizimudu, insha zilimpiga chenga. Alijiunga na chuo cha ufundi La Crosse, akatoka Juni 1967 na cheti cha ukerezaji wa vyuma. Jeshi lilimpeleka Ujerumani miaka miwili kutengeneza malori, na alipoulizwa habari za vita alijibu kwamba yeye alipigana na kabureta tu, na kabureta zilishinda mara nyingi.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha giaboksi cha Brandvold, akakaa kwenye mashine ya kerezo, ya kuchongea vyuma, hadi alipostaafu tarehe 30 Desemba 2009. Wenzake wanasema kidole gumba chake kilijua kasoro ya chuma kabla kipimo hakijatoka mfukoni. Kipaji hicho kiwandani kilikuwa baraka. Nyumbani kilitupa tabu kidogo, maana Mzee Verlyn hakuweza kumwona mtu akifanya kitu polepole na vibaya bila kumpokonya. Binti yake Joleen, anayewasomea maneno haya, alipokuwa na miaka kumi alianza kutengeneza kigoda cha maonyesho ya wilaya. Asubuhi alikwenda shule akikiacha na miguu miwili. Aliporudi jioni kilikuwa na mitatu na vanishi juu. Kigoda kilipata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza. Joleen hajawahi kukikalia.

Alifunga ndoa na Ardis Kjos tarehe 17 Juni 1972, mbele ya madhabahu haya. Walikutana kwenye chakula cha jioni cha samaki cha kanisa, alipoingia jikoni bila kukaribishwa akatengeneza mlango wa oveni uliokuwa umelegea. Mama Ardis anasema alikubali kuolewa kwa ajili ya oveni ile, na kwa miaka hamsini na miwili oveni hazikumsumbua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joleen na Curtis.

Hapa wasifu wa kawaida ungeingia kwenye ugonjwa. Lakini siku ya Alhamisi kabla hajafariki, akiwa kitandani hospitalini, marehemu alimshika Joleen mkono.

"Usinipambe kwa maneno siku ya kunizika," alisema. "Soma na habari ya Maren."

"Baba, watu watakuja kukulilia, siyo kusikia hayo."

"Ndiyo maana. Watakuwa wamekaa, hawana pa kukimbilia."

Basi tunasoma.

Maren ni binti wa Joleen, mjukuu wa pekee wa marehemu. Mwaka 2018 alijiunga na skauti wadogo wa kanisa letu, na kila Januari skauti hao hushindanisha vigari vya mbao za msonobari, vinavyoteremshwa kwenye njia ya mteremko, kwenye ukumbi uliopo chini ya miguu yetu. Kila mtoto hupewa boksi lenye kipande cha mbao, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuyashikia. Gari lisizidi wakia tano, na mtoto alitengeneze mwenyewe, mkubwa akimsaidia. Neno hilo "akimsaidia" limewaangusha wanaume wengi wa mji huu, na waliopo hapa wanajijua.

Maren alikuwa na miaka minane. Alikuja kwenye karakana ya babu yake na mchoro wa kalamu za rangi: ng'ombe mwenye madoa, pembe mbili na tabasamu.

"Ng'ombe hana kasi, mjukuu wangu," babu alisema.

"Huyu wangu anayo."

"Upepo utamshika pembe."

"Tutamkata pembe fupi, babu. Kama wale wa shambani kwenu."

Babu alicheka, akauchukua mchoro akauweka kando ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaufunga ubao humo. Alikata mara moja tu, akasema ni kumwonyesha. Kisha akarekebisha alipomwonyesha. Kufikia wiki ya pili ubao ulikuwa mwembamba mbele na mnene nyuma, hauna pembe wala tabasamu. Aliisugua misumari kwa msasa wa namba tano tofauti, akaipaka unga wa grafiti ili magurudumu yateleze, akazika madini ya risasi tumboni mwa gari kuongeza uzito hadi mizani ikasoma wakia tano kamili. Maren aliomba kushika tupa, akaambiwa subiri kidogo. Akaomba kupaka rangi, akaambiwa rangi ya kunyunyiza si ya watoto. Mwishowe aliuchukua ufagio, maana huo hakuna aliyeukatalia.

Mama Ardis alipeleka kahawa akasimama mlangoni.

"Verlyn, hizi mbio za nani?"

"Za Maren."

"Basi mwambie Maren kahawa yake imefika."

Hakumwelewa, au alijifanya hakumwelewa. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na wema wenye haraka hauoni aliyesimama kando.

Jumamosi tarehe 26 Januari 2019 gari hilo jekundu lilishinda kila mzunguko. Wengi wenu mlikuwepo. Mtangazaji alimpa Maren kikombe na kipaza sauti, akamwuliza, "Haya bingwa, tuambie, ulifanyaje?"

Maren alimtazama babu yake, kisha akasema, "Nilifagia."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tulidhani mtoto anatania. Mzee Verlyn alicheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mtoto hakutania. Hilo ndilo alilotaka lisomwe. Hakujali sana habari ya kukata mbao. "Sema aliniambia ukweli mbele ya watu," alimwambia Joleen, "nami nikacheka."

Kikombe Maren alikisahau ndani ya pikapu ya babu, au tuseme alikiacha. Januari iliyofuata Mzee Verlyn alinunua boksi jipya akampigia simu.

"Njoo Jumamosi, tuanze mapema."

"Tengeneza tu, babu. Halafu niambie kama nimeshinda."

Hakuwa na ufidhuli sautini. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwachia mwenzake kiti. Babu aliweka simu chini, akaenda karakana akakaa. Mwaka uliofuata alinunua boksi lingine, kwa tumaini tu, lakini janga lilikuwa limefunga mbio, na baada ya hapo Maren alipita umri wa skauti wadogo. Maboksi mawili yalibaki kwenye rafu karibu na kikombe, nailoni zake hazijachanwa. Maren aliendelea kuja nyumbani kwa Krismasi na Pasaka, akala, akacheza karata na bibi yake, akamkumbatia babu yake vizuri wakati wa kuaga. Karakana hakukanyaga kwa karibu miaka sita. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na babu huyu aliyaona yakipita dirishani na koti la baridi.

Machi 2021 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka. Ulianza na kidole gumba kile kile. Kufikia mwaka 2023 hakuweza kufunga vifungo vya shati, na mashine ya kerezo aliifunika shuka mwenyewe. Hakulalamika, isipokuwa kwa supu, iliyokuwa ikimwagika kijikoni.

Mwanzoni mwa Novemba mwaka jana alimpigia Maren, ambaye sasa ana miaka kumi na minne. Mama Ardis alikuwa jikoni akisikia.

"Maren, wameanzisha mbio za wazi. Wakubwa, ndugu, yeyote."

"Babu, mikono yako..."

"Mikono yangu haifai hata kwa kijiko. Namtaka yule ng'ombe."

Mama Ardis alifunga bomba la maji ili asikie.

"Mchoro ulishapotea," Maren alisema.

"Haujapotea. Uko kando ya jiliwa."

Alikuja Jumamosi ya tarehe 9 Novemba. Mchoro ulikuwa palepale, umefifia madoa. Maren alichana nailoni ya boksi la kwanza, akatazama huku na huku akitafuta msumeno. Babu yake hakumwonyesha ulipo. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, ufagio mapajani.

"Wewe utafanya nini?" Maren aliuliza.

"Nitafagia."

Na alifagia kweli. Jumamosi baada ya Jumamosi, alisimama kwa shida, akasukuma vumbi la mbao hatua mbili, akapumzika, akasukuma tena. Nusu ya vumbi alilitawanya upya kwa kutetemeka. Maren alikata kombo, akavunja pembe moja, akaibandika kwa gundi. Mama Ardis anasema hajawahi kumwona mumewe akiteseka vile, hata alipotolewa jiwe la figo. Alikuwa akiung'ang'ania ufagio kwa mikono yote miwili ili asimpokonye mtoto tupa.

Jumamosi ya tarehe 4 Januari magurudumu matatu yaliingia. Tundu la nne Maren alilitoboa, akainama kulichungulia.

"Babu, hili limepinda."

"Nimeliona."

"Umeliona saa ngapi?"

"Kabla hujamaliza kutoboa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nafagia."

Maren alicheka hadi akakaa sakafuni penye vumbi, na babu yake akacheka naye. Safari hii walicheka kitu kimoja. Wakakubaliana tundu hilo litarekebishwa Jumamosi ijayo.

Jumanne tarehe 7 Januari Mzee Verlyn alilazwa kwa nimonia. Aliuliza habari za ng'ombe kila siku. Jumamosi ikapita. Jumapili tarehe 12 Januari 2025, saa nne asubuhi, wakati kengele za ibada zikigongwa, alikata roho mikononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka sabini na saba.

Tunasikitika kumkosa, na tunasikitika kwa miaka ile sita. Hakuna aliyekuwa na ubaya na mwenzake. Kulikuwa na mlango wa karakana tu, hata haukufungwa kwa kufuli, na kila mmoja alingoja mwingine aufungue. Joleen naye aliona yote ya miaka ile, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa na kigoda chake moyoni. Baba, ulipaswa kuambiwa nilipokuwa na miaka kumi. Nakuambia leo, na nakusamehe leo, na ninaomba nami unisamehe kwa kuchelewa.

Juzi Alhamisi Maren alikwenda karakana peke yake. Aliligonga gurudumu la nne kwenye tundu lile lile lililopinda, hakulirekebisha. Ng'ombe anakwenda upande. Bibi yake alipomwona akijaribiwa mezani alisema, "Huyu atakuwa wa mwisho." Maren akajibu, "Najua, bibi." Mbio ni Jumamosi ijayo, tarehe 25, ukumbini hapo chini, na familia inawakaribisha nyote. Leo baada ya mazishi kuna kahawa na mikate ya nyama mahali hapo hapo.

Marehemu ameacha mjane, Ardis. Watoto wawili, Joleen na mumewe Craig Dahl, na Curtis wa Duluth. Mjukuu mmoja, Maren. Dada wawili, Luella na Bernice. Na ng'ombe mmoja wa mbao, wakia nne na nusu, mwenye pembe moja ya gundi.

Karakana bado hatujaisafisha. Nyuma ya mlango kuna rundo dogo la vumbi la mbao alilolisukuma Jumamosi ile ya mwisho, akaishiwa nguvu kabla hajalizoa, na Maren amekataza mtu yeyote asiliguse.

Mzee Verlyn, kazi imefanywa, nawe hukuigusa. Weka ufagio chini sasa, baba. Pumzika kwa amani.