Wasifu wa Ngurumo, Fundi wa Pedali Kumi na Saba

Mpendwa wetu tunayemzika leo aliandikwa jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, na mtaa mzima ukamwita jingine. La mtaa, Ngurumo, ndilo aliloitikia, kwa hiyo ndilo litakalosomwa hapa. Mjane wake ameagiza niandike mimi, binti wa mdogo wake, kwa hoja kwamba nina stashahada nusu na muda mzima. Nimekubali kwa sababu nyingine. Marehemu aliniachia maneno ya kumfikishia mtu mmoja aliyeketi safu ya mbele, akataka ayasikie mbele ya watu. Yatasomwa yakifika mahali pake.

Ngurumo alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1963, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa ghala na mkunga. Bibi yetu alijifungulia nyumbani huku akimwelekeza jirani kazi, hatua kwa hatua. Alisimulia kwamba mtoto alitoka akilia kwa sauti nene yenye mikwaruzo, jirani akashtuka: "Huyu ana mafua!" Hakuwa na mafua. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake, yaani baba yangu, na Ngurumo akambeba mgongoni kwa muda mrefu hadi watu wakaanza kuuliza kama yule mtoto ana miguu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, na sekondari kuanzia 1977 hadi 1980. Akiwa kidato cha tatu aliombwa atengeneze kipaza sauti cha shule kilichokuwa kimekufa. Kilifufuka, lakini tangazo la asubuhi likasikika kama mawe yanayomwagwa kwenye bati. Mwalimu mkuu alimwita ofisini. "Tulikwambia ukitengeneze, siyo ukifundishe kukoroma." Ngurumo akajibu, kwa adabu zote, kwamba sasa kilikuwa kizuri zaidi. Alifagia uwanja wiki nzima. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu umeme na redio mwaka 1983. Alimaliza chuo, tofauti na watu fulani wanaosoma wasifu wake.

Tarehe 2 Aprili 1984 alifungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni, na hakukihama kwa miaka arobaini kasoro siku chache. Mlioingia mnakikumbuka: meza yenye alama za kuungua, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, feni isiyozunguka ambayo fundi huyu hakuigusa hata siku moja. Kuanzia 1986 hadi 1995 alipiga gitaa la umeme katika bendi ya muziki mzito, mdogo wake akipiga besi. Waliitwa kwenye harusi moja tu. Walipiga wimbo mmoja, wakapewa chakula mapema.

Kwa wasiojua, pedali ni kisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni, kati ya gitaa na spika. Ukikikanyaga, sauti safi inachafuka: inavimba, inakwaruza, inanguruma. Watu wa kawaida wakisikia sauti hiyo huita fundi. Kwetu fundi ndiye aliyekuwa akiitafuta. Alikusanya pedali kuukuu kumi na saba, nyingine zilizotengenezwa kabla hajazaliwa baba yangu, akazipa namba kwa rangi ya kucha ya mke wake, akawa anazilinganisha kila Jumapili mchana. Alikaa ameelekea ukutani ili asione ipi inakanyagwa, akapiga mdundo uleule mmoja, kisha akatoa hukumu. Namba Nne: kiti kinaburutwa kwenye saruji. Namba Tisa: ina mnofu, haina mfupa. Namba Kumi na Moja: nyuki ndani ya debe, na nyuki wenyewe wamechoka. Ili haki itendeke, kila pedali ilitiwa betri mpya kabla ya shindano. Kila pedali isipokuwa Namba Saba. Hiyo ndiyo aliyoipiga enzi za bendi, na kwake ilikuwa mizani ya kupimia nyingine zote. "Mizani haiwekwi kwenye mizani," alisema, na hakuna aliyeruhusiwa kuifungua. Sauti ya Saba aliifananisha na ukuta unaosogea kuja kwako taratibu, nawe huna haraka ya kukimbia.

Mguu uliokanyaga pedali hizo ulikuwa wa Mama Mkubwa. Alikuwa fundi cherehani wa kibanda cha jirani. Siku ya kwanza alikuja kulalamika kwamba kelele zinampindishia mishono. Ngurumo akamwomba akanyage pedali mara moja tu, aone kama ni kelele au ni muziki. Mguu uliozoea cherehani ukakanyaga laini, bila kishindo, jambo ambalo hakuna mwanabendi aliyewahi kuliweza. Akamwomba akanyage tena. Mama Mkubwa anasema alikanyaga mpaka wakafunga ndoa, tarehe 12 Desemba 1992. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa nafika pagumu, na familia imeniruhusu nipite hapo. Mwezi Agosti 2012 waya mmoja ndani ya Saba ulikatika. Ngurumo alikuwa kitandani na homa, na wanabendi wa zamani walikuwa wamealikwa kupiga ukumbini Jumamosi ile. Baba yangu ni mwalimu wa hesabu, lakini amekulia kwenye moshi uleule wa kulehemu. Alipewa kazi ya kuunga waya huo. Akauunga. Alipokuwa anafunga kifuniko akaona betri iliyokuwemo imechoka, akaona aibu kurudisha kitu cha kaka yake na betri ya namna hiyo. Akatia mpya, ile kuukuu akaitupa. Hakuona haja ya kuitaja. Nani anataja betri?

Ukumbini Saba ikatoa sauti safi, ngumu, iliyonyooka kama rula. Ngurumo akaacha kupiga katikati ya wimbo, akasema kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia:

"Umeniulia Saba."

"Kaka, nimeunga waya mmoja tu."

"Ndio huohuo uliokuwa roho yake! Ulichokonoa nini humo ndani?"

"Waya mmoja, Kaka. Haki ya Mungu."

"Mwongo."

Baba yangu aliweka besi chini akatoka. Saba ikafungiwa ndani ya bati la biskuti, na ndugu wawili waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kusalimiana kupitia watoto wao. Sisi watoto tulikuwa posta ya familia, na barua zote zilikuwa tupu.

Mwezi Juni 2023 marehemu alianza kukosa pumzi. Madaktari walisema mapafu yake yamekakamaa, na kwamba miaka ya kuinamia moshi wa risasi haikumsaidia. Mwezi Februari mwaka huu alirudishwa nyumbani na mtungi wa oksijeni. Jumamosi, tarehe 2 Machi, aliomba azisikie pedali zote mara ya mwisho. Tukamwekea gitaa mapajani, akageukia ukutani. Mama Mkubwa alikanyaga moja baada ya nyingine, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kitu kibaki nje ya hesabu ya kumi na saba, akaitoa na Saba kwenye bati, akaiunga jinsi ilivyokuwa, bila kumwambia.

Ngurumo alipiga mdundo wake. Akapiga tena.

"Hiyo ni ipi?"

"Wewe si ndiye bingwa? Sema wewe."

"Mama watoto, usinitanie. Ni Saba hiyo."

Akataka ifunguliwe, akataka kipimo. Ile betri aliyotia baba yangu ilikuwa imekaa humo miaka kumi na mmoja na nusu, imechoka yenyewe kwa uzee tu, na badala ya volti tisa ilikuwa imebaki na sita na kidogo. Tukatia mpya: rula. Tukarudisha iliyochoka: ukuta ukasogea. Alitufanya turudie mara tano. Kisha akaomba miwani, akauangalia waya aliouunga mdogo wake, akauangalia muda mrefu, akavua miwani na kufunika uso kwa mkono. Mabega yalikuwa yakitikisika, na haikuwa kwa kikohozi.

Kesho yake nilimpigia simu baba. "Baba Mkubwa anakuita." Akauliza: "Ananiita ndugu yake, au anamwita mwongo?" Sikuruhusiwa kujibu. Marehemu alikuwa amekataa katakata jambo hili lisemwe kwa simu. Alitaka mdogo wake aje, akae palepale, aisikie Saba kwa masikio yake na betri zote mbili. Baba alisema atakuja Jumamosi tarehe 16, akishamaliza kusahihisha mitihani. Nilipoleta jibu, Ngurumo alihesabu siku kwa vidole, akasema zinatosha.

Hazikutosha. Jumatano jioni pumzi zilipungua sana, akaniambia nichukue kalamu. Ngurumo aliaga dunia Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa moja na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja na siku tano. Baba yangu alifika Jumamosi, kama alivyoahidi.

Haya ndiyo aliyoniandikisha, neno kwa neno:

"Mdogo wangu. Niliwaambia watu umeniulia Saba. Hukuiua. Waya uliuunga vizuri kuliko ambavyo ningeuunga mimi. Nimeuangalia kwa miwani. Uliniwekea betri mpya kwa sababu una adabu, na mimi nilizoea ya zamani bila kujua ndiyo niliyokuwa nikiisikia. Ulisema kweli nikakuita mwongo ukumbini, kwa hiyo nakutaka radhi panapo watu. Kama hukuwahi, usijilaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyekawia. Ila besi yako siku ile ilikuwa haijakazwa nyuzi vizuri, na hilo silifuti."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mmoja nesi na mwingine fundi bomba, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na mdogo wake, mkweli.

Baba, usinisubiri nimalize. Nenda ukae karibu naye. Apumzike kwa amani, na wewe pia upumzike.