Madam Taaka na Adabu ya Kumsubirisha Mtu kwa Kijerumani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Madam Prossy Taaka anastaafu baada ya kufundisha Kijerumani katika chuo chetu cha lugha hapa Tororo kwa miaka ishirini na sita. Mimi nafundisha Kifaransa chumba cha pili, katikati yetu kuna ukuta wa mbao tu, na sauti yake imenifikia miaka yote nikitaka nisitake. Basi niacheni niseme ninayoyajua.

Msamia huyu wa Busia alianzia kazi mapokezi, kwenye hosteli ya masista Wajerumani. Lugha aliiokota huko huko kwa wageni, kisha akaenda Kampala kuisomea sawasawa. Kwanza alifundisha vijana waliotaka kuongoza watalii. Miaka ya karibuni darasa likajaa wauguzi wanaotafuta kazi Ujerumani, na hapo balaa likaanza.

Wauguzi wetu walikuwa wakianguka mtihani wa kuzungumza, wote mahali pamoja. Mtahini anajifanya mgonjwa, anakuita, nawe una kazi nyingine mkononi. Unatakiwa umwombe kwa adabu asubiri. Lo! Watoto wa vijiji vyetu vya Molo na Mella wamelelewa vizuri. Utamwambiaje mtu mzima asubiri kabla hujamsalimu? Wakamsalimu. Wakamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, hata za ng'ombe. Muda ukaisha mgonjwa hajaombwa kitu. Mwaka uliofuata wakaambiwa wafupishe, nao wakafupisha mno, wakamwamuru mgonjwa wa watu kama askari wa mpakani. Wakaanguka tena.

Mwenyekiti wetu, Mzee Obbo, akasema darasa lifungwe. Hakuwa na ubaya. Wazazi walikuwa wamechoka kuona watoto wakirudi mikono mitupu. Madam Taaka akaomba mtihani mmoja zaidi. Akapewa, kwa sharti kwamba wakianguka tena, mlango unafungwa na Kijerumani kimekwisha Tororo.

Hakuwaongezea maneno, maneno walikuwa nayo. Aliwapeleka zahanati siku ya kliniki, wakakaa benchi moja na kina mama wanaosubiri. Waliporudi aliwauliza nini kiliwauma. Hakuna aliyesema kukosa salamu. Wote walisema hawakujua kama nesi angerudi.

Basi akaanza upya. Mtazame mtu usoni, mwite kwa jina lake, kisha sema: "Einen Augenblick, bitte. Ich komme gleich," yaani subiri kidogo tafadhali, nakuja sasa hivi. Salamu zote za nyumbani, aliwaambia, ziweke ndani ya lile jina. Na hiyo sasa hivi isiwe sasa hivi ya Busia, ambayo mtu anaweza kuvuna mtama ndipo afike.

Paddy, mmoja wa wauguzi hao, alidhani ni mchezo. Alimwomba Madam, aliyekuwa akijifanya mgonjwa, asubiri, kisha yeye mwenyewe akatoka kwenda kula chapati. Aliporudi ameshiba alimkuta kwenye kiti kile kile, anamngoja, chakula cha mchana kimempita. Madam hakumgombeza. Paddy aliniambia heri angechapwa.

Siku ya matokeo hakuna aliyefundisha. Tulikaa tunatazama simu. Babra, binti wa Mella aliyekwisha kuanguka mara mbili, alipita. Paddy alipita. Karibu darasa zima lilipita. Nililia, sioni haya kusema. Madam Taaka alikwenda kufuta ubao. Leo mjukuu wa Mzee Obbo yumo humo humo darasani, na mzee ndiye anayelalamika kwamba mabenchi hayatoshi!

Tulimsihi aongeze mwaka mmoja, akakataa huku anacheka. Mumewe, Mzee Oundo, amekula peke yake huko Busia vya kutosha.

Ijumaa iliyopita alimaliza kipindi chake cha mwisho, akachukua mkoba. Nilikuwa nje mlangoni. Wanafunzi wakamwita kwa jina na kumwomba, kwa Kijerumani kisicho na kosa, asubiri kidogo. Akageuka, akasubiri. Hawakuwa na la kumwambia. Walitaka tu asiondoke.

Asante, Madam. Umetuachia darasa lililo hai. Nenda nyumbani, ukale chakula kikiwa bado moto, na Mungu akujalie siku nyingi za raha na afya. Hatukuzuii tena, ingawa tungependa.